Baba si Mgeni Nyumbani

(Maneno ya mfanyakazi wa huduma za jamii kwa wanavikundi, siku ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyapanga kidogo ili yasomwe na kujadiliwa vikundini.)

 

Juzi nilitembelea kikundi kimoja cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa. Nikauliza, "Yule mbuzi wenu mweupe atazaa lini?" Wanaume watatu wakajibu kwa pamoja. Walijua siku aliyopandwa, wakahesabu miezi mitano, wakanitajia hata wiki yenyewe. Nikafurahi. Kisha nikamuuliza mmoja wao, "Na kijana wako wa pili, mzee, yuko darasa la ngapi?" Akafikiri, akamgeukia mke wake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi pia nimewahi kuwa mtu huyo.

Nina watoto watatu. Kwa miaka mingi nilifanya kazi mbali, nikirudi nyumbani mwisho wa mwezi na unga, sukari na pesa za karo. Nilijihesabu kuwa baba mwema. Mwezi wa Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na kazi yangu nayo ikasimama. Nikakaa nyumbani. Baada ya siku chache nikaona jambo. Watoto wakiwa jikoni na mama yao, kicheko kinasikika mpaka barabarani. Nikiingia mimi, kimya. Mmoja anakumbuka kuni, mwingine anakumbuka kitabu. Jioni moja nikamsikia msichana wetu mdogo akimuuliza mama yake, "Baba anarudi kwake lini?"

Kwake! Nyumba nimeijenga mimi, mabati nimenunua mimi, lakini kwa mtoto wangu nilikuwa mgeni aliyekawia kuondoka. Usiku ule sikulala.

Tumetoka wapi?

Wengine watasema, "Hiyo ndiyo mila yetu, watoto ni wa mama." Si kweli. Wakikuyu walikuwa na thingira, Wajaluo walikuwa na duol. Jioni wavulana walikaa huko pamoja na wazee, wakasikia habari za ukoo, mashamba, mifugo na namna ya kuishi na watu. Baba alikuwa mwalimu.

Serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya nyumba mwaka 1901, wanaume walilazimika kutafuta pesa: kwenye mashamba ya walowezi, relini, mijini. Vyumba vingi walivyopewa huko vilikuwa vya mtu mmoja, si vya mke na watoto. Mama akabaki na shamba na watoto, baba akawa mtu wa Krismasi. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini tabia hii ikabaki. Leo hata baba anayelala nyumbani kila siku anaweza kuwa mtu wa Krismasi. Asubuhi yuko kwenye boda boda, jioni yuko sokoni na wenzake, na akifika nyumbani macho yako kwenye simu.

Tunapenda sana kusema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini wahenga hao hao walisema mkono mmoja haulei mwana. Sheria nayo inasema hivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema kumtunza na kumlinda mtoto ni jukumu la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki 2 na mshahara kamili wakati mtoto wake anapozaliwa. Ndugu yangu, wiki hizo si za kwenda kuchimba msingi wa nyumba. Ni za kumbeba mtoto.

Baba awe na mpango

Kila kikundi hapa kina daftari. Mnaandika nani amekuja, pesa ngapi zimewekwa, na mwaka huu mnataka kufika wapi. Kikundi kisicho na mpango huvunjika, hata kikiwa na pesa. Basi na ubaba ni hivyo hivyo. Nawaachia mambo matano.

1. Mjue mtoto wako. Yuko darasa gani? Mwalimu wake ni nani? Rafiki yake ni nani? Anaogopa nini? Cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi? Usingoje mpaka shule ikiulize.

2. Pesa zipangwe na watu wawili. Kaa na mama mwanzo wa mwezi, mhesabu pamoja. Shilingi 50 za pombe kila siku ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 18,000. Kila mtu apige hesabu yake, mimi sitaji jina.

3. Weka wakati. Nusu saa jioni, simu iwe mbali. Na wewe uliye kazini mbali, chagua siku ya kupiga simu, usiivunje. Usiseme tu, "Mpe mama simu." Muulize mtoto habari za siku yake, kisha umsikilize mpaka amalize.

4. Usiwe kiboko cha nyumba. Hapa nawaomba akina mama pia. Mkisema kila mara, "Ngoja baba yako arudi," mtoto atajifunza kuombea baba asirudi. Mtoto akikosa, aelezwe kosa lake siku hiyo hiyo, na aliyemwona.

5. Baba aombe msamaha. Hili ndilo gumu.

Mimi sikujua pa kuanzia. Kutoa hotuba kwa watoto wangu ningeweza, ndiyo kazi yangu! Lakini nilichukua kiti kidogo nikaketi nao kupukuchua mahindi. Siku ya kwanza hakuna aliyesema neno. Siku ya pili vile vile. Wiki ya pili yule mdogo akaniambia napukuchua polepole kama babu, na wote wakacheka nikiwa pale pale. Nikawaambia, "Nimekuwa mbali na nyinyi, hata nikiwa hapa. Mnisamehe."

Sitawadanganya kwamba yote yalipona. Kijana wetu mkubwa alikuwa amezoea kuishi bila mimi, na mpaka leo maneno yake kwangu ni machache. Ile miaka yake ya utoto siwezi kuinunua tena, hata nikiuza shamba. Ndiyo maana nawaambia nyinyi wenye watoto wadogo: anzeni leo.

Na nyumba zisizo na baba je? Wapo wajane hapa, na wapo akina mama wanaolea peke yao. Mjomba, babu, au mzee wa kikundi mnayemwamini anaweza kusimama na mtoto. Kikundi kisinunue mbuzi tu, kiulize pia habari za watoto wa wanachama.

Mungu awabariki, na awarudishe akina baba nyumbani.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Hapa kwetu, ni mambo gani yanayomfanya baba awe mgeni kwa watoto wake?
2. Kila baba ajibu bila kumwuliza mama: mtoto wako wa mwisho anapenda nini, anaogopa nini?
3. Kikundi chetu kitafanya jambo gani moja kabla ya mkutano ujao? Nani atafuatilia?