Birika la Umeme na Hesabu ya Nyumbani
(Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi, Ijuganyondo, Bukoba)



Elimu kwa wanachama ni mmojawapo wa misingi ya ushirika, na elimu hiyo haikomei kwenye kupogoa mibuni, kuanika kahawa na kusoma mizani. Mkulima aliyepata haki yake kwenye mizani, kisha akaipoteza jikoni, hajasonga mbele. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, lakini matumizi ya nyumba huja kila siku. Kwa sababu hiyo yafaa kukitazama chombo kidogo kinachoonekana sasa katika nyumba za Ijuganyondo, nacho ni birika la umeme, ambalo wengine huliita jagi la umeme.

Umeme haukufika Kagera kwa urahisi. Kwa miaka mingi mkoa huu, ukiwa mbali na gridi ya taifa, ulitegemea umeme ulionunuliwa Uganda na kuletwa kwa njia ya Masaka hadi Kyaka. Baadaye ulijengwa mtambo wa Rusumo katika Mto Kagera, wenye uwezo wa megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana. Kitu kilichotafutwa kwa jitihada kiasi hicho hakistahili kumwagwa.

Birika lenyewe si adui wa akiba. Katika jiko la mkaa, sehemu kubwa ya joto hupotea hewani kabla ya kuifikia sufuria, na mkaa huendelea kuungua hata baada ya chai kunywewa. Katika birika la umeme, koili hukaa ndani ya maji au chini ya kitako chake, na sehemu kubwa ya joto huingia katika maji yenyewe. Kuwasha jiko zima la mkaa kwa ajili ya vikombe viwili tu ni hasara. Hasara ya birika hutokana na mtumiaji anayechemsha maji ambayo hakuna atakayeyanywa.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila mwanachama aweza kuifanya. Lita moja ya maji, kutoka ubaridi wa kawaida hadi kuchemka, hutumia karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Na tuchukue mfano wa nyumba yenye birika la lita 1.7. Mama wa nyumba, au kijana aliyetumwa, hulijaza mpaka juu kila mara, ilhali wanaokunywa ni wawili na nusu lita ingewatosha. Lita 1.2 huchemka bure, hupoa, na baadaye huchemshwa upya. Hilo likitokea mara tano kwa siku, ni lita sita, yaani uniti 0.6. Kwa siku thelathini ni uniti 18.

Uniti 18 zaweza kuonekana kidogo. Lakini yafaa kukumbuka jinsi bei ya umeme wa nyumbani ilivyopangwa. Katika bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alitozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Uniti zilizozidi hapo zilitozwa shilingi 350. Kwa hiyo uniti 18 za maji yasiyonywewa ni karibu robo ya fungu lote la mteja mdogo. Nyumba yenye taa, redio, pasi na simu za kuchaji yaweza kuvushwa mpaka huo na birika peke yake, kisha baba na mama wakabaki wakilaumiana, au wakamlaumu fundi, au mita. Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Dawa yake ni kikombe. Kabla ya kuwasha, yapimwe maji kwa vikombe vya wanywaji, na kuongezwa kidogo tu kwa ajili ya mvuke. Mabirika mengi yana alama ya kiwango cha chini na cha juu. Maji yasipungue alama ya chini, maana koili isiyofunikwa na maji huungua. Wala yasizidi ya juu, maana yakichemka humwagika juu ya swichi na kitako. Kama wanywaji ni wengi lakini hawaamki pamoja, maji yachemshwe mara moja na kuwekwa katika chupa ya chai. Chupa nzuri huhifadhi joto kwa saa nyingi bila kutumia hata senti moja ya umeme.

Hapa Bukoba, karibu na Ziwa Viktoria, ardhi iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, wala si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Kwa hiyo hakuna faida ya kulibonyeza birika mara ya pili na ya tatu ili maji “yazidi kuwa moto”. Yakishachemka hayapandi tena. Kinachozidi ni mvuke na matumizi. Joto hilo latosha kwa chai, na latosha pia kwa kahawa ya kukoroga itengenezwayo na kiwanda cha TANICA papa hapa Bukoba. Latosha vilevile kuua vijidudu vya maradhi katika maji ya kunywa.

Kuhusu maji ya kunywa, hesabu ifanywe kwa uangalifu zaidi. Nyumba inayochemsha lita kumi kila siku kwa birika la umeme hutumia karibu uniti moja kwa siku, yaani uniti 30 kwa mwezi. Asifikirie mtu kwamba akiba ni kuacha kuchemsha. Homa ya matumbo na kipindupindu hugharimu zaidi ya uniti zote hizo. Lakini maji mengi yaweza kutibiwa kwa dawa ya klorini iliyoidhinishwa, kwa kufuata maelekezo ya kipimo, au kuchemshwa katika sufuria yenye kifuniko juu ya moto ambao tayari umepika ndizi na maharage. Birika libakie kwa mahitaji madogo ya haraka.

Sasa kuhusu utunzaji. Mabirika mengi ya siku hizi hujizima yenyewe. Mvuke hupita katika njia ndogo mpaka kwenye kipande cha metali mbili zilizoambatanishwa; kipande hicho kikipata joto hujikunja na kuisukuma swichi. Kutokana na hayo ni wazi kwamba kifuniko kikiachwa wazi mvuke hutoka nje, swichi haipati habari, na maji huendelea kuchemka mpaka yaishe. Wengi hudai birika limeharibika, kumbe ni kifuniko tu hakikufungwa.

Maji yenye chumvi za madini au tope huacha utando kwenye koili na kitako. Utando huo huzuia joto, huchelewesha kuchemka na huichosha koili. Uondolewe mara uonekanapo: maji yachanganywe na siki au maji ya limau, yapashwe moto, yaachwe kwa muda wa nusu saa hivi, kisha birika lisuuzwe vizuri na kuchemshwa maji safi ambayo yatamwagwa. Mchanga, majivu na waya wa kusugulia visitumike ndani. Birika lisitumbukizwe katika beseni la kuoshea vyombo. Nje lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, likiwa limechomolewa. Wala halikuumbwa kwa maziwa, uji, majani ya chai au mayai. Vitu hivyo huganda na kuungua chini, na maziwa hufurika yakaingia kwenye swichi.

Lililo kubwa kuliko akiba ni uhai. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea tisa. Waya mwembamba wa ekstensheni, uliobeba pia televisheni na pasi, hupata moto, hulainika na huweza kuteketeza nyumba. Birika lichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani iliyo imara. Plagi ya pini tatu isikatwe pini, wala soketi isifunguliwe kwa kijiti, kwa maana pini ya tatu ndiyo njia ya kuupeleka umeme ardhini pindi chombo kinapovuja. Plagi ikiwa na moto mkononi, au ikiwa na harufu ya kuungua, kazi isimame mpaka fundi anayejua kazi yake aitazame. Na kwa kuwa Bukoba ni mji wa mvua nyingi na radi, chombo kichomolewe radi zinapoanza kupiga. Waya usining’inie ukingoni mwa meza, mahali ambapo mtoto aweza kuuvuta na kujimwagia maji yachemkayo.

Yote hayo yaweza kuthibitishwa kwa daftari, kama vile hesabu za chama zinavyothibitishwa. Kila nyumba ichague wiki mbili. Katika wiki ya kwanza birika litumike kama ilivyozoeleka, na uniti za LUKU zisomwe asubuhi ya siku ya kwanza na asubuhi baada ya siku ya saba. Katika wiki ya pili maji yapimwe kwa vikombe na chupa ya chai itumike. Tofauti iandikwe, na wanachama waje nayo katika mkutano, waume kwa wake, kwa kuwa mara nyingi anayenunua umeme siye anayechemsha maji, na wote wawili hawana budi kuiona hesabu moja. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kilichojazwa nyumbani hakisubiri msimu wa kahawa, wala bei ya soko la dunia.