Kansa ya Mlango wa Kizazi na Fungu Letu la Mazishi

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo si desturi kulitaja mbele ya wazee, nasi twaomba radhi mapema. Twalitaja kwa kuwa limo katika hesabu mtakazosomewa leo, ingawa halikuandikwa kwa jina lake. Fungu la mazishi ndilo kubwa kuliko mafungu yote ya chama hiki: sanduku, gari la kuwapeleka marehemu nyumbani, chakula cha waombolezaji. Miongoni mwa akina mama tuliowasindikiza wamo waliouawa na kansa ya mlango wa kizazi, yaani shingo ya mji wa mimba. Na maradhi hayo, tofauti na kansa nyingi nyingine, yaweza kuzuiwa.

Wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2020 wanawake 5,236 wa Kenya walipatikana nayo, na 3,211 walifariki. Wako wasemao kwamba ni uchawi, na wengine kwamba ni malipo ya mwenendo mbaya. Sivyo. Chanzo chake ni virusi viitwavyo HPV, na Mjerumani Harald zur Hausen, aliyevionyesha ndani ya kansa hiyo katika miaka ya 1980, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Hupitishwa katika mambo ya unyumba, na karibu kila mtu, mume kwa mke, hukutana navyo siku moja. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Visiposhindwa, huchukua kadiri ya miaka 15 hadi 20 kuzaa kansa. Basi mume asimtupie mkewe neno. Pengine ni yeye aliyevileta.

Katika miaka hiyo yote mama hasikii maumivu. Akianza kutokwa na damu isiyo ya kawaida, mara nyingi wakati umekwisha kwenda. Kwa hiyo hapana budi apimwe akiwa mzima, kwa kupakwa maji ya siki yanayoonyesha madoa meupe, au kwa kipimo cha virusi vyenyewe.

Kinachotupendeza ni kwamba sehemu ya elimu hii imepatikana hapa hapa mjini kwetu. Katika Barabara ya Ngong, kwenye kliniki ya Hospitali ya Coptic, wanawake 400 wenye virusi vya Ukimwi waliokutwa na dalili mbaya za kabla ya kansa walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walitibiwa kwa kugandishwa sehemu ile kwa baridi kali, nusu kwa kukatwa kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Walifuatwa kwa miezi 24. Dalili zilirudi kwa wanawake 60 wa baridi, na kwa 37 wa kitanzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Yana uzito mkubwa, maana mwenye virusi vya Ukimwi yumo katika hatari mara sita ya kansa hii kuliko asiye navyo. Na ni wanawake wa mji huu waliowafundisha waganga wa dunia.

La pili ni la binti zetu. Bibi Daktari Nelly Mugo wa KEMRI na wenzake waliwaandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika Nairobi, Thika na Kisumu, ili kujua kama sindano moja tu ya chanjo ya HPV yatosha. Makundi mawili yalipewa chanjo hiyo ya namna mbili, kundi la tatu chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Baada ya miezi 18, katika wale ambao hawakuwa na virusi viwili vilivyo vibaya zaidi tangu mwanzo, virusi hivyo vilikaa kwa mmoja katika kila kundi la HPV, na kwa 36 katika kundi la tatu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali sindano moja. Kenya, iliyoanza mwaka 2019 kuwachanja wasichana wa miaka 10 kwa sindano mbili, nayo ilihamia sindano moja mwaka 2025.

Twajua yasemwayo Kangemi na Kawangware, kwamba chanjo hii huleta utasa. Wengi wanakumbuka ubishi wa mwaka 2014 baina ya maaskofu Wakatoliki na Serikali juu ya chanjo ya pepopunda, wala hatuwacheki wenye hofu. Mzazi asiyeuliza ni mzazi gani? Lakini chanjo hii haina virusi ndani yake, ila mfano wa ganda lao tupu, na katika nchi zilizoitumia tangu mwaka 2006 haikuonekana kuleta utasa.

Kansa za nadra nazo zimepata wachunguzi huku kwetu. Uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa na Denis Burkitt huko Mulago mwaka 1958 ulikuja kutibiwa kwa dawa, na Peter Clifford wa hospitali iitwayo leo Kenyatta alikuwa mmoja wa waliotangulia katika kazi hiyo. Hayo yahitaji siku yake.

Ombi la Halmashauri ni hili. Kutoka Uthiru au Dagoretti kwenda kupimwa ni nauli na mshahara wa siku moja uliopotea, na kibarua hauachi kwa urahisi. Twaomba sehemu ya kumi ya fungu la mazishi itengwe kuwalipia wanachama wa kike, na wake wa wanachama, wenye miaka 25 na zaidi. Majina yatabaki kwa Bibi Mweka Hazina peke yake. Wanaokubali watainua mikono hesabu zikisha kusomwa, na waume wasiwahesabie wake zao kura.