Umeme wa Gizani

Ninyi wahitimu mnaotokota ndani ya majoho: nitafupisha, maana harufu ya pilau imeshafika hapa mbele.

Asubuhi nimeshuka njia panda ya Nanganga, pale magari ya Ruangwa na Nachingwea yanapokata kona, jua likiwa kali. Nikaingia ofisini kwa walimu, nikaikalia kofia yangu mwenyewe. Sikuiona! Muda si muda nikawa naona hata vumbi juu ya kabati.

Ukimwuliza mtu jicho linaonaje, atakwambia mwanga ndio unaoamsha seli za jicho. Mwaka 1979 Denis Baylor, Trevor Lamb na King-Wai Yau, wa Stanford, Marekani, walichapisha vipimo vyao. Walichukua seli ya jicho la chura, ile yenye umbo la fimbo inayotuhudumia usiku, wakaifyonza taratibu mpaka ncha yake ikaingia kwenye kijimrija cha kioo chembamba kuliko unywele. Humo wakapima umeme. Ilijulikana tayari kwamba gizani umeme unatiririka tu, na mwanga ukija, unapungua. Ni kama bomba lililoachwa wazi usiku kucha, na mwanga ndio mkono unaolifunga. Wao wakaonyesha kwamba chembe moja tu ya mwanga inapunguza pikoampia moja hivi. Ampia moja ina pikoampia trilioni moja. Mimi fizikia nimefundisha miaka mingi, na hesabu hiyo bado inanishangaza.

Kinachoipokea chembe hiyo ni rangi iitwayo rodopsini. Juani huchujuka, kivulini hujijenga upya, na kwa seli hizi za usiku kazi hiyo huchukua kama nusu saa. Maskini kofia yangu.

Sasa, rodopsini haijengeki bila vitamini A. Mtoto akiikosa, jua likizama anaanza kupapasa ukuta na kujikwaa kwenye vigoda, na watu wa nyumbani wanamwita mzembe. Ndiyo maana kila Juni na Desemba watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone. Matembele, mchicha, papai na embe bivu navyo vinayo.

Mwenye mdogo wake nyumbani, leo jioni, kabla hujavua joho, iombe kadi yake ya kliniki uangalie tone la mwisho alipewa lini.