Haki ya Aliyetoka Kifungoni

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenye duka mbele ya mkutano wa tawi)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Mimi si mwanasheria wala si msemaji wa majukwaani. Kazi yangu ni mizani na daftari la wakopaji. Lakini daftari hilo limenifundisha jambo ambalo leo nataka kulieleza, nalo ni hili: Serikali humfungua mtu kwa siku moja, lakini mtu huyo hawi huru khasa mpaka watu wa mtaani kwake wamwamini tena.

Katika visiwa vyetu jela haiitwi jela. Inaitwa Chuo cha Mafunzo, na waliomo ndani huitwa wanafunzi. Jina ni zuri, nasi hatugombani nalo. Lakini na tuulize kwa haki: mwanafunzi amalizapo chuo chochote hupewa hati, na kwa hati ile hutafuta kazi. Huyu wetu akimaliza chuo chake hutoka na nini? Hutoka na jina la mfungwa, na jina hilo humtangulia katika kila mlango anaokwenda kuubisha.

Itazameni hali yake. Kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kimepotea au muda wake umekwisha, na bila ya kitambulisho hicho kila afisi humrudisha alikotoka. Akiwa mvuvi, ngarawa yake imekwisha kuuzwa ili watoto wale. Akiwa mchumaji wa karafuu, mwenye shamba amekwisha kupata vijana wengine. Mwanawe aliyemwacha akitambaa sasa yuko skuli, na baba akimwita, mtoto humtazama mama kwanza ndipo aitikie. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu si mgeni, kwao ni hapa hapa. Lakini siku ya tatu inafika, ya thalathini inafika, na jembe hakuna anayempa.

Ndugu zangu, sisi tuliosoma chuoni tunaijua khabari ya Nabii Yusuf, alayhi salaam. Alifungwa miaka naye hana kosa. Mwenziwe wa kifungoni alipokaribia kutoka, Yusuf alimwomba amtaje mbele ya bwana wake, na yule alipotoka akasahau. Kisha mfalme alipomwita, Yusuf hakukimbilia mlango. Alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe, jina lake lisafike. Na baada ya hapo hakuomba sadaka. Aliomba akabidhiwe ghala za nchi, azilinde. Tizameni hekima hiyo: mtu aliyetoka kifungoni akapewa ufunguo wa ghala, na kwa uaminifu wake watu wakaokoka na njaa. Je, sisi leo tungempa hata ufunguo wa kibanda?

Mtaniambia, mbona wapo waliotoka wakasimama? Kweli wapo. Watu 18 wa chama cha CUF walishtakiwa kwa uhaini hapa Zanzibar, wakakaa rumande takriban miaka mitatu, wakaachiwa Novemba 2000. Mmoja wao, Juma Duni Haji, alikuja kuwa Waziri wa Afya katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliyoundwa baada ya uchaguzi wa 2010. Afrika Kusini, Nelson Mandela alikaa kifungoni miaka 27, akatoka Februari 1990, na mwaka 1994 akawa Rais. Lakini hao walikuwa na chama nyuma yao na majina yanayojulikana. Mimi nasema juu ya kijana asiyejulikana, ambaye hakuna gazeti lililoandika siku aliyoingia wala siku aliyotoka.

Wengine watasema: huyo ni wa siasa, tutamsaidia, lakini huyu aliiba, atajijua mwenyewe. Nami nasema, aliyeiba akahukumiwa na akamaliza muda wake, deni lake amekwisha kulilipa. Katika biashara, deni likilipwa hufutwa daftarini. Mwenye duka anayemdai mtu deni lililokwisha kulipwa tunamwitaje? Tunamwita dhalimu. Na mtu aliyefungiwa milango yote ya halali, kisha akarudi kwenye haramu, dhambi ni yake, lakini waliofunga milango nao wana sehemu yao.

Mwaka mmoja alinijia kijana aliyetoka kifungoni. Hakuomba pesa. Aliomba mali kauli: kiroba cha sukari na katoni ya sabuni, auze, kisha alete. Jirani yangu wa duka akaninong'oneza ya kuwa mzigo huo nimeupoteza. Nilimpa. Siku ya nane aliniletea pesa zangu kamili, akachukua mzigo mwingine. Sisemi wote watakuwa hivyo. Hata miongoni mwa wasiofungwa kamwe nina madeni yaliyozeeka. Nasema mtu hawezi kuonesha uaminifu ikiwa hakuna anayemwamini kwa chochote.

Na haya si huruma tu. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zake za wafungwa zilizopitishwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Mandela, umeeleza ya kuwa mustakbali wa mfungwa ufikiriwe tangu mwanzo wa kifungo chake, na atokapo asaidiwe kupata hati, makaazi, kazi na nguo zifaazo. Hayo tuyadai kwa Serikali bila ya kuchoka. Lakini tukingoja Serikali peke yake, wenzetu watanyauka.

Basi naleta mapendekezo matatu mbele ya tawi hili. La kwanza, mtu akitoka, wajumbe wawili wamwendee nyumbani katika wiki ile ile, bila ya hotuba, wamuulize ahitaji nini. La pili, mjumbe mmoja afuatane naye kwa sheha mpaka kitambulisho kipatikane, kwani aliyekaa miaka mbali hana wa kumshuhudia. La tatu, sisi wenye maduka, vyombo na mashamba, kila mmoja amchukue mtu mmoja: mali kauli kidogo, nafasi katika ngarawa, au mikarafuu michache ya kuchuma. Kidogo, lakini kwa masharti yaliyo wazi na mbele ya mashahidi, ili heshima ya pande zote mbili ihifadhike.

Yule mwenziwe Yusuf alisahau. Sisi hatuna udhuru huo, kwani wanaotoka tunawaona kila siku, wanapita mbele ya milango yetu.

Wabillahi tawfiq.