Hewa Chafu Tusiyoitoa Ina Bei Gani?

Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama wa Migori na Homa Bay,

Reli haijafika kwenu, lakini nyaya za umeme zimefika. Tajiri akituambia tuzime taa ili kupunguza kaboni, yaani ile hewa ya mafuta yaliyoungua inayoipasha dunia joto, tumwulize: kaboni ya mtambo upi? Mtambo wa Gogo katika mto Kuja, Migori, huzungushwa na maji, hauchomi mafuta. Mitambo ya dizeli ndiyo huchoma, na huhitajiwa zaidi jioni, watu wote wawashapo taa.

Tupige hesabu. Ondoa balbu ya wati 60, weka ya wati 9. Kwa saa 5 kila jioni, mwaka mzima utaokoa yuniti 93. Mtambo wa dizeli ungechoma kama lita 23 kuzipata, na kila lita hutoa kilo 2.7 hivi za kaboni. Jumla kilo 62. Balbu 16 hukaribia tani moja, na siku hizi tani ya kaboni iliyookolewa huuzwa.

Basi tajiri akiiuza, chama kidai kuonyeshwa hesabu, na fungu la wafanyakazi liandikwe katika mapatano. Mikono iliyozima taa ni yetu.