Bei Moja, Vitu Viwili

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Mbulu na Hanang

Natumaini kila mmoja ana kalamu yake na daftari lake. Kama taa haitoshi, sogeeni karibu nayo, maana leo tutasoma maandishi madogo sana, madogo kuliko yale ya kitabu chetu cha kusomea.

Leo twasoma kibao. Kibao ninachosema ni ile karatasi ngumu, au kipande cha bati, kinachobandikwa nyuma ya paneli ya sola, ubavuni mwa betri, chini ya pasi, au kwenye injini ya trekta. Watu wengi hawakisomi. Hata mimi, mwalimu wenu, sikukisoma, na nitawaambieni yaliyonipata.

Mwaka 2019 mimi na shemeji yangu tulikwenda mnadani Katesh kununua sola. Tulinunua paneli mbili kwa muuzaji mmoja, siku moja, saa moja. Maboksi yalikuwa sawasawa kabisa: jina moja, picha moja, na juu yake imeandikwa wati 100. Bei ilikuwa moja. Shemeji akaenda na yake kwao Dongobesh, nami nikaichukua yangu kwangu Endasak.

Kwa shemeji taa nne zikawaka mpaka watoto wamalize kusoma, na simu za majirani zikapata chaji. Kwangu mimi taa zilianza kufifia saa mbili unusu usiku. Nililaumu mawingu ya mlima Hanang. Kisha nikalaumu vumbi, nikawa napanda juu ya bati kila asubuhi na kitambaa, majirani wakinicheka. Mwisho nikailaumu betri, nikanunua nyingine. Fedha ile nilikuwa nimeiweka kwa sare na madaftari ya binti yangu aliyekuwa akiingia kidato cha kwanza. Betri mpya nayo ikafanya vile vile.

Miezi saba ikapita. Siku moja shemeji alikuja kututembelea, akasema paneli yake haijamsumbua hata siku moja. Binti yangu akasikia. Akapanda ngazi, akasoma kibao cha paneli yetu, akaandika namba kwenye kiganja chake. Kisha tukampigia simu mke wa shemeji, naye akasoma cha kwao. Hizi hapa namba zenyewe. Andikeni.

Paneli ya shemeji: volti 18, ampea 5.56.

Paneli yangu: volti 18, ampea 3.33.

(Kiongozi wa darasa aandike namba hizi ubaoni, kisha asubiri kila mtu amalize.)

Sasa zidisheni. Volti mara ampea ndiyo wati. Kumi na nane mara tano nukta hamsini na sita ni kama 100. Kumi na nane mara tatu nukta thelathini na tatu ni kama 60. Basi mimi nilikuwa nimelipa fedha za wati 100 nikabeba wati 60. Kioo cha paneli zote mbili kilikuwa na ukubwa ule ule, lakini nilipoitazama yangu vizuri nikaona vipande vyake vyeusi ni vyembamba, na nafasi nyeupe kati yao ni pana. Kitu kilikuwa wazi machoni pangu kila asubuhi nilipokuwa nakipangusa!

Nilirudi mnadani. Yule muuzaji hakukataa. Alisema mzigo wa pili ulikuja hivyo, kiwanda kilibadili vya ndani, boksi likabaki la zamani na bei ikabaki ile ile. Akasema pia, “Mwalimu, taa si zinawaka?” Sikuwa na risiti, kwa hiyo mazungumzo yaliishia hapo, wala sikurudishiwa hata senti.

Nilipokuwa nikitafuta habari za mambo ya namna hii, nikaona ya kuwa hayakutupata sisi wa Hanang peke yetu. Yamewapata hata watu walionunua magari ya thamani kubwa.

Yawezekana wengi wenu hamjaliona gari la umeme. Gari hilo halina tangi la petroli. Lina betri kubwa chini ya sakafu, na kompyuta inayosaidia kuliongoza. Kampuni ya Tesla ya Marekani ilijenga kiwanda Shanghai, nchini China, na mwanzoni mwa mwaka 2020 kilianza kuwakabidhi watu wa kawaida gari liitwalo Model 3. Bei yake ilikuwa karibu yuan 300,000. Kompyuta ya magari hayo iliyokuwa mpya wakati ule iliitwa ya namba 3, na ya zamani iliitwa namba 2.5. Kampuni yenyewe ilikuwa imeisifu ile mpya kwamba yazichambua picha za kamera kwa kasi mara 21 kuliko iliyotangulia.

Baadhi ya wanunuzi walifungua wakakuta ndani mna ile ya zamani. Walijuaje? Hapa nataka msikilize vizuri. Gari lilikuja na karatasi yake, na katika karatasi ile palikuwa na orodha ya vyombo na namba zake. Walisoma namba kwenye karatasi, wakaisoma na ile iliyo kwenye chombo chenyewe, zikawa mbali mbali. Karatasi ilisema namba 3. Chombo kilisema namba 2.5. Jirani yake mtu, aliyelipa bei ile ile kwa gari la jina lile lile, alikuwa na namba 3.

Mwanzoni mwa Machi 2020 kampuni ilijibu. Ilisema ugavi wa vifaa ulikuwa umevurugika, nao ndio wakati wa ugonjwa wa korona. Ikaahidi kuwabadilishia watu hao bure vifaa vitakapopatikana. Lakini ikaongeza kwamba mtu ambaye hakununua ile huduma ya ziada ya gari kujiendesha hataona tofauti yo yote barabarani.

Mwasikia? “Taa si zinawaka?”

Tarehe 10 Machi 2020, Wizara ya Viwanda na Teknolojia ya Habari ya China iliwaita wakuu wa kampuni hiyo, ikawaamuru wasahihishe jambo hilo mara moja, na wahakikishe kwamba magari wanayotengeneza yalingana na yale waliyoandikisha.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu, lakini tulipime jibu lile. Kweli, mtu aendaye sokoni na kurudi huenda asione tofauti leo. Lakini atakapotaka kuliuza gari lake baada ya miaka mitatu, mnunuzi atauliza ni namba ngapi. Na atakapotaka kuongeza ile huduma ya ziada, kompyuta ya zamani haitamfaa kama ile mpya. Tofauti ipo, ila imewekwa mahali ambapo mnunuzi ataikuta baadaye.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwezi Februari 2022 kituo cha habari cha CNBC cha Marekani kilieleza kwamba Tesla, kwa sababu ya uhaba wa vipande vidogo vya kompyuta uliokuwa umeenea duniani, iliondoa kimoja cha vyombo viwili vya umeme vinavyoendesha usukani. Ilifanya hivyo katika makumi ya maelfu ya magari yaliyotengenezwa China, na wanunuzi hawakuambiwa. Chombo kilichoondolewa kilikuwa cha akiba, cha kushika kazi kile cha kwanza kikiharibika. Ndani ya kampuni ilionekana kwamba kwa gari linaloongozwa na dereva mwenyewe, akiba ile si ya lazima. Lakini gari hilo likitakiwa siku moja kujiendesha lenyewe, chombo cha pili kingepaswa kurudishwa.

Mimi si fundi wa magari, siwezi kusema usukani wa namna ile ni wa hatari. Nasema tu kwamba mtu anayeendesha watoto wake angependa kuambiwa.

Wazee wa Basotu wataniambia kwamba viwanda hubadili vifaa tangu zamani, nao wasema kweli. Wale waliofanya kazi katika mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada, wanajua ya kuwa huwezi kununua spea ya trekta kwa kutaja jina lake na rangi yake. Mwenye duka atakuuliza namba ya kibao, kwa maana matrekta mawili ya jina moja yaweza kuwa na pampu mbili tofauti. Hakuna aliyewalaumu wenye kiwanda kwa hilo. Kiwanda kilibadili pampu, kikaandika namba mpya, na kitabu cha spea kikaonyesha. Kubadili si kosa. Mnunuzi akikuta boksi la zamani, bei ya zamani na kitu kingine ndani, hapo ana haki ya kuuliza.

Na sheria iko. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo mwanzo wake ni tangu enzi ya Waingereza, yasema kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo fulani sharti kilingane na maelezo hayo. Iko pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Shirika la Viwango, TBS, hushughulikia ubora wa bidhaa. Lakini ofisi hizo zote zitakuuliza jambo moja kwanza: risiti iko wapi? Dai risiti, na jina la kitu na namba zake ziandikwe juu yake. Muuzaji akisema mashine ya risiti imeharibika, mwambie utangoja.

Neno la tahadhari kuhusu paneli. Kwenye kibao mtakuta namba nne, si mbili. Mbili zina herufi mp, yaani Vmp na Imp. Hizo ndizo za kuzidisha. Nyingine mbili, Voc na Isc, ni kubwa zaidi, nazo ukizizidisha utapata wati ambazo paneli haizitoi kamwe. Paneli ya wati 100 yaweza kuonyesha Voc 22 na Isc 6, na mtu asiyejua atajiona amepata bahati ya wati 132. Tena jueni kwamba hata paneli nzuri hutoa wati zake zote kwenye jua kali tu, si asubuhi ya mwezi wa Julai huko Mbulu wakati ukungu umetanda.

Kwenye betri tafuteni herufi Ah, kisha inyanyueni. Betri ya maji au ya jeli iliyoandikwa 100 Ah huwa na uzito wa karibu kilo 30, kwa kuwa ndani imejaa risasi. Ikiwa kijana mdogo anainyanyua kwa mkono mmoja, rudisheni fedha mfukoni kwanza, muulize maswali.

Kazi ya darasa. Kila mmoja aende nyumbani akatafute kibao kimoja, cha paneli, betri, redio au pikipiki, anakili maandishi yake yote kama yalivyo, hata yale asiyoyaelewa, ayalete darasani. Wenye paneli wazidishe Vmp kwa Imp, walinganishe jibu na wati zilizoandikwa kwenye boksi, kama boksi bado lipo. Kiongozi wa darasa aziandike namba hizo katika daftari moja, pamoja na mwezi ambao kitu kilinunuliwa. Mkikuta vitu viwili vya jina moja na bei moja vyenye namba mbili, viandikeni upande kwa upande.

Binti yangu, kwa wale watakaouliza, alipata sare yake mwezi wa Machi. Paneli ile bado ipo juu ya bati, na sasa inawasha taa mbili.