Uji wa Kwaresima
Maneno ya mwalimu mstaafu katika sherehe ya Jubilei ya Dhahabu ya kwaya



Nimeombwa niseme machache kuhusu kwaya na shule, kwa sababu nimeishi pande zote mbili za ule uwanja. Kwaya ilipoanza nilikuwa darasa la saba. Baadaye nikarudi shuleni kama mwalimu, na besi sijaiacha hadi leo, ingawa vijana wanasema siku hizi ni mngurumo tu.

Wengi mnadhani kwaya hii ilizaliwa hapa kanisani. La. Ilizaliwa darasani. Wazazi wetu walikulia katika Misa ya Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka wa 1965, ulifungua mlango wa Misa kwa lugha za watu, lakini nyimbo hazikuja zenyewe. Zilitaka watu wa kuzisoma na kuwafundisha wengine, na hapa kwetu waliosoma Kiswahili bila kukwama walikuwa watoto wa shule. Basi sista mmoja akaandika do, re, mi ubaoni, akatugawa kwa sauti, na kila Jumatano baada ya masomo tukabaki. Watu wazima walijiunga baadaye, wengi wao wakiwa wazazi waliokuja kuangalia kwa nini mtoto amechelewa kurudi na mbuzi hawajanyweshwa maji.

Muhula wa kwanza ndio ulikuwa muhula wetu mkubwa. Vitabu vya masista vilikuwa na picha za Pasaka zenye maua na wanakondoo, kwa maana Ulaya Pasaka huja baridi ikiisha na miti ikichipua. Kwetu Ukambani Pasaka huja na mvua, mvua ikikubali. Kabla ya Jumatano ya Majivu watoto walileta matawi ya mwaka uliopita, makavu, yaliyokuwa yamechomekwa nyuma ya picha za Bikira Maria nyumbani, nayo yakachomwa kuwa majivu. Utukufu na Aleluya tukaziweka kando. Kayamba na ngoma zikaingia stoo, na ole wake aliyeonekana akipiga dawati kwa vidole. Siku ya Ijumaa tulifanya Njia ya Msalaba tukizunguka uwanja, kituo cha kwanza kwenye mwembe, cha mwisho kwenye lango la shamba la shule. Watoto wa AIC walitembea pamoja nasi, na mmoja wao alikuwa na tena nzuri kuliko Wakatoliki wote.

Sasa niseme la mwaka wa 1984. Nilikuwa mwalimu kijana, na nilikuwa katika kamati ya kwaya. Tulikuwa tumechanga pesa kwa mwaka mzima ili tupate sare. Kitambaa tulishakichagua, samawati, na fundi alishaanza kutupima. Sare zingebarikiwa siku ya Pasaka.

Lakini mvua za mwisho wa mwaka uliotangulia zilikuwa mbaya, na za Machi hazikuonekana. Shuleni tulianza kuona mambo. Mtoto anaanguka kwenye gwaride asubuhi. Mtoto analala darasani saa nne. Katika mazoezi ya Jumatano soprano zilikuwa zinafifia katikati ya mstari, nami nikawagombeza kwamba hawavuti pumzi vizuri. Nilisema hivyo mara mbili, wiki mbili mfululizo.

Mama aliyekuwa mweka hazina wetu ndiye aliyesimama katika mkutano. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema watoto hawa hawana shida ya pumzi, wana njaa, na pesa ziko kwenye mkebe wake, kwa hiyo yeye anaomba ruhusa ya kununua mahindi na maharagwe. Mkutano ulichacha. Wengine walisema pesa zilichangwa kwa ajili ya Mungu na haziwezi kugeuzwa. Wengine wakauliza kama kwaya imekuwa serikali. Tulipiga kura kwa kuinua mikono, na mimi, mwalimu wa watoto wale wale, niliinua mkono kwa upande wa sare.

Tulishindwa kwa kura chache. Namshukuru Mungu kwamba tulishindwa. Watu wanne waliacha kwaya jioni ile, na wawili kati yao hawakurudi.

Kisha tukagundua kwamba kuwa na pesa si kuwa na chakula. Maduka yalikuwa matupu. Njaa ile Wakamba waliipa jina, Nikw'a ngwete, yaani nakufa huku nimeshika pesa mkononi, na wazee mlio hapa mnalikumbuka. Jumamosi mbili nzima mama yule alizunguka akitafuta magunia machache. Uji ulipikwa nyuma ya darasa la tano, kwa kuni walizoleta watoto wenyewe. Kulikuwa na msichana mmoja wa soprano aliyekunywa nusu ya kikombe tu, nusu akaimimina katika kopo na kuondoka nalo. Nilidhani anauza. Siku moja nikamfuata hadi langoni, nikakuta ndugu yake mdogo, ambaye hajaanza shule, amekaa kwenye jiwe akimngoja.

Kwa kawaida shule ikifungwa mwanzoni mwa Aprili tuliwapoteza watoto, na Pasaka tuliimba watu wazima peke yetu. Mwaka ule shule ilifungwa lakini uji haukufungwa, nao walikuja kila siku, na baada ya uji tuliimba. Ndiyo maana katika Mkesha wa Pasaka tulikuwa na watoto tele, kila mmoja na nguo yake aliyonayo, wengine na sweta za shule zilizotoboka viwiko. Katika Mbiu ya Pasaka nyuki wanatajwa, kwa ajili ya nta ya mshumaa. Mzee mmoja mwenye mizinga alicheka kwa sauti, kwa sababu nyuki wake wote walikuwa wamehama. Kengele zilipolia na Utukufu ukaanza, mimi sikuweza kuimba mistari ya kwanza.

Sare tulizipata baada ya miaka miwili.

Leo tunapendeza sana, nami nimelipia yangu kama wengine. Lakini ni wanakwaya wangapi hapa walioingia katika ile shule mwaka huu? Shule ni ya serikali na dayosisi ni mfadhili wake, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili kazi ya kulea watoto kiroho bila kuwagusa wale wa madhehebu mengine. Kazi hiyo tumemwachia katekista mmoja, mwenye baiskeli moja, na shule zaidi ya moja za kutembelea. Mwalimu Mkuu ameniambia kipindi cha mafundisho ya dini hupita wiki nyingine bila mtu, na watoto hukaa wakichora. Kwaresima iliyopita niliwauliza darasa la nne wimbo wa Jumapili ya Matawi. Walinitazama tu.

Ombi langu ni hili. Kila Jumatano wanakwaya wawili wavuke uwanja, wafundishe wimbo mmoja, na wawatazame watoto vizuri wanapoimba. Soprano zikififia, waulize kwanza watoto wamekula nini. Kamati imekubali kwamba salio la michango ya leo libaki katika mkebe kwa ajili hiyo.

Karatasi ya majina iko kwa katibu, pale karibu na mlango wa sakristia. Jumatano ya kwanza nimeshajiandika mimi, na bado natafuta mtu wa soprano wa kwenda naye.